Darja ya Mwanachuoni wa Bahari

Katika vyuo vikuu vyetu, mtu aliyeutoa umri wake kusomesha na kuchunguza elimu ya viumbe vya bahari na ufugaji wao hupandishwa darja, kutoka mhadhiri msaidizi mpaka profesa, kwa kutazamwa zaidi makala alizochapisha katika majarida ya kitaalamu, ambayo aghalabu hutolewa nchi za mbali na kwa lugha ya Kiingereza. Na mimi, nisiyekuwa na uadui wowote na majarida hayo wala haja ya kuyapunguzia heshima, nashikilia kwamba mizani hiyo ni pungufu, kwa kuwa haipimi ipasavyo kazi ambayo mwalimu huyo ameifanya pwani, mbele ya wakulima wa mwani na wafugaji wa samaki, kwa lugha ambayo wao hufikiri na kushauriana.

Shahidi wangu mkubwa ni mwani wenyewe. Zamani watu wa Unguja, Pemba na mrima waliuokota mwani uliojiotea, wakauanika na kuuza kwa wachuuzi waliousafirisha ng'ambo, na biashara hiyo ikadumu miaka mingi mpaka ilipodhoofika. Keto Mshigeni, bingwa wa elimu ya mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyepata shahada yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Hawaii katika miaka ya 1970, alirejea nyumbani na itikadi kwamba mmea uliokuwa ukiokotwa unaweza kulimwa. Akaizunguka pwani, akaandika aina za mwani zilizopo na majira ya kukua kwake, akasomesha vijana, na katika miaka ya 1980 majaribio ya kilimo yakafanywa Fumba katika Unguja na kisiwani Fundo katika Pemba. Ilipofika mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Naomba msomaji autazame muda huo kwa makini, kwa sababu baina ya shahada ya mwanachuoni yule na kamba ya kwanza ya biashara iliyofungwa mchangani ilipita miaka kiasi cha kumi na mitano, na katika miaka hiyo yote mtu mwenye pupa angeweza kuuliza kwa haki kabisa: mwani huu wa profesa utaleta nini?

Ulileta riziki. Wanawake wa vijiji vya mashariki ya Unguja, ambao wengi wao hawakuwa na fedha ya mikononi mwao isipokuwa ile waliyopewa na waume zao au waliyoipata kwa kusuka makuti na kupiga usumba, waliingia baharini wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali na kuacha mchanga wazi, wakapiga vigingi, wakatandaza kamba, wakafungia vipande vya mwani kwa taitai, na baada ya wiki sita hivi wakavuna, wakaanika na kuuza. Kwa fedha hiyo watoto walivaa sare za skuli na nyumba za udongo zikageuka kuwa za matofali. Kwa miaka mingi zao hili limetajwa sambamba na utalii na karafuu kila fedha za kigeni za Zanzibar zinapohesabiwa. Hakuna jarida duniani linaloweza kutoa jaza kama hiyo kwa kazi ya mtafiti, na hata hivyo jambo hilo halina safu yake katika fomu ya kuombea uprofesa.

Walakini bahari haikukaa kama ilivyokuwa. Mwani wa kotonii, ambao bei yake ni bora kuliko ya aina nyingine inayolimwa, spinosamu, ulianza kufa katika maji haya haya ya kina kifupi, kwa kuwa maji yamezidi joto. Maradhi yanayoufanya mwani kuwa mweupe na kukatika yakaenea, na wakulima wengi wakabaki na spinosamu peke yake, yenye bei ya unyonge. Hapo ndipo ilipodhihiri haja ya mwanachuoni wa pili, wa tatu na wa nne. Dakta Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, aliyekwisha kuchunguza namna ya kufuga samaki na mwani kwa pamoja katika mabwawa ya Makoba, alishughulika na wakulima kujaribu kuuhamishia kotonii kwenye maji ya kina, ndani ya nyavu zilizoshonwa mithili ya mirija, na tangu mwaka 2006 akasaidia kujenga ushirikiano wa wakulima, watafiti na wafanyabiashara ili mwani usiishie katika magunia yanayopelekwa ng'ambo, bali utoe sabuni, unga na chakula hapa hapa. Jaribio la maji ya kina lilifungua na maswali ambayo hayamo katika somo la mimea: nani atamiliki mashua, na mwanamke asiyefundishwa kuogelea ataifuataje kamba iliyoko mahali ambapo miguu yake haigusi chini? Maswali hayo nayo ni elimu, na hayapatikani ila kwa kukaa na watu.

Yako maneno ya upande wa pili, nami nayapa haki yake. Husemwa kwamba kuwafundisha wakulima ni wadhifa wa afisa ugani, ambaye serikali humlipa kwa kazi hiyo, na kwamba profesa akigeuka afisa ugani, chuo kitapoteza uchunguzi na wilaya haitapata cha kuzidi. Hoja hii ingesimama kama ilimu ya ufugaji wa bahari ingekuwa imekamilika, ikangoja tu wa kuifikisha. Lakini haijakamilika: kuwafuga mwatiko katika mabwawa ya kando ya mikoko, kuwanenepesha kaa, kuwalea majongoo ya bahari, yote haya bado yanatafutiwa njia, na maabara yake ni ufuo ule ule ambao mama mwenye vigingi vyake ameujua tangu utotoni. Yeye hutambua mwani unavyobadilika kusi linapoingia na unavyotulia kaskazi, hujua siku ambazo maji mafu hayatamruhusu kufika shambani, na mtafiti asiyemsikiliza hupanga jaribio lake kwa tarehe za kalenda ilhali bahari hufuata mwandamo wa mwezi. Mhadhiri anayelazimika kuwa darasani saa nne asubuhi siku ya bamvua amekoseshwa saa yenyewe ambayo shamba liko wazi. (Ratiba za vyuo vyetu, kwa rai yangu, zingefaa kutungwa na mtu mwenye jedwali la maji mkononi.)

Juu ya fedha sitasema mengi, kwani kila mtu anajua kwamba vipimo vya joto la maji vina manufaa vikichukuliwa mwaka baada ya mwaka, na kwamba mradi wa wafadhili ukifika ukomo, vipimo navyo mara nyingi hukoma. Zanzibar imetangaza Uchumi wa Buluu kuwa dira yake na kuuundia wizara. Basi mafuta ya mashua ya utafiti na mishahara ya mafundi wa maabara yawe katika bajeti ya kudumu.

Ninaloomba kwa Seneti za vyuo vyetu ni jambo la utaratibu. Mwanafunzi wa uzamivu aliyechukua sampuli zake Paje, Kidoti au Makoba asitunukiwe shahada mpaka awe amerudi katika kijiji hicho, akaeleza kwa Kiswahili alichokiona, akaulizwa na akajibu, na maandishi ya majibizano hayo yakafungwa pamoja na tasnifu yake. Mwalimu aliyefanya jaribio pamoja na wakulima apewe alama zake kwa ripoti ya Kiswahili iliyopitiwa na wataalamu wawili na wakulima wawili waliobobea, na alama hizo zihesabiwe sawa na za makala. Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyoanzishwa mwaka 1978 na ambayo sasa ina makao yake Buyu, mwendo mfupi tu kutoka mashamba ya mwani, ndiyo iliyo karibu zaidi kulitimiza hili, na ingeweza kuanza na wale watakaoandikishwa mwaka wa masomo ujao.