Irabu Zitiwazo Tumboni



Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda hospitalini kumwadhinia mjukuu wa jirani yangu. Mtoto alikuwa na uzito wa kilo 4 na nusu, mashavu yamejaa, mikono ina mikunjo. Bibi yake alipiga kigelegele hadi muuguzi akamnyamazisha. Nami, kwa elimu yangu haba, nikasema mashaAllah, nikadhani unene ule ndio afya yenyewe. Kabla ya adhuhuri mtoto alilegea, akawa anatetemeka na kukataa titi. Wakamdunga kisigino, wakapima tone la damu, kisha wakamkimbiza kwenye chumba cha watoto wachanga kumtilia maji ya sukari mshipani. Mtoto mnene kuliko wote wodini alikuwa amepungukiwa na sukari. Hapo ndipo ilipojulikana kuwa mama yake alikuwa na kisukari cha ujauzito, na kwamba hakuwahi kupimwa hata mara moja.

Jambo lile lilinisumbua, nikawauliza wajuzi. Wakanieleza kuwa kondo la nyuma hutoa homoni ambazo huizuia insulini ya mama isifanye kazi yake barabara. Wanawake wengi miili yao huongeza insulini, mambo yakaenda. Wengine haimudu, na sukari hupanda katika damu bila wao kuhisi lolote. Sukari hiyo huvuka kondo ikamfikia mtoto, lakini insulini ya mama haivuki. Daktari Jørgen Pedersen wa Copenhagen ndiye aliyeieleza njia hii katika karne iliyopita: kongosho la mtoto hulazimika kutoa insulini nyingi lenyewe, na insulini, kwa aliye tumboni, ni kichocheo cha kukua na kuweka mafuta. Ndiyo maana mabega hupanuka, na uzazi ukawa mgumu. Kitovu kikikatwa, sukari ya mama hukatika ghafla, ilhali insulini ya mtoto ingali nyingi. Kutetemeka kule kulitokana na hayo.

Laiti mambo yangeishia hapo. Mtoto akitoka salama, bado tumbo lile huwa limemwachia athari, na elimu inayochunguza athari hizo huitwa epijenetiki. Jina ni zito, lakini aliyepita chuoni ataielewa upesi. Chukueni herufi tatu: kaf, ta, ba. Mwalimu akizitia irabu za namna moja, mtasoma kataba, yaani ameandika. Akibadilisha irabu, mtasoma kutiba, imeandikwa. Herufi hazikuguswa, kilichobadilika ni namna ya kuzisoma. Jeni alizorithi mtoto kwa baba na mama ni mfano wa herufi hizo. Juu yake mwili huweka alama ndogo za kikemikali, mfano wa irabu, nyingine zikiwa kama sukuni inayoinyamazisha jeni isitamkwe. Sukari nyingi tumboni yaweza kuhusika katika kuzibadilisha alama hizo. Watafiti wamezikuta tofauti katika kondo na katika damu ya kitovu, pamoja na kwenye jeni ya leptini, homoni inayouambia mwili kuwa umeshiba. Ni kwa kiasi gani alama hizi ndizo zinazoubeba mzigo wa miaka ya baadaye, hilo bado linachunguzwa.

Lakini kwamba mzigo wenyewe upo, kuna ushahidi uliokusanywa kwa subira kubwa. Watu wa Pima, wenyeji wa asili wa jangwa la Arizona huko Marekani, wamefuatiliwa na watafiti tangu mwaka 1965, kwa kuwa kisukari kimewaenea mno. Mwaka 2000 ilichapishwa kazi iliyolinganisha ndugu wa baba mmoja na mama mmoja: mmoja kazaliwa kabla mama hajapatwa na kisukari, mwingine baada yake. Wale wa baadaye walikuwa wanene zaidi na kisukari kiliwapata zaidi. Walipofanya ulinganifu huo huo kwa ugonjwa wa baba, tofauti hiyo haikuonekana. Basi si damu ya ukoo peke yake.

Hapa nataka waume na mama wakwe wanisikilize, kwa sababu katika nyumba zetu mambo mawili husemwa. La kwanza ni kuwa mja mzito ale kwa watu wawili: halua, kaimati, mahamri, chai ya maziwa yenye vijiko vinne. La pili husemwa mambo yakiharibika, kwamba sukari ni ya ukoo wake na ndiyo kadari. Kadari tunaiamini, lakini sijapata kumwona mvuvi akiacha kuziba ngalawa yake kwa sababu hiyo. Wala asilaumiwe mwanamke, kwani homoni za kondo hakuzichagua yeye.

Kipimo chenyewe hufanywa baina ya wiki ya 24 na ya 28. Mama hunywa gramu 75 za glukosi akiwa hajala kitu, na damu hupimwa kabla na baada ya kunywa. Aliyewahi kuzaa mtoto wa zaidi ya kilo 4, au mwenye wazazi wenye kisukari, aseme mapema, siku ya kwanza ya kliniki. Katika utafiti ulioongozwa kutoka Australia, wanawake 1,000 waliokuwa na hali hii walifuatiliwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2005: kwa waliopewa mpango wa chakula, wakajipima sukari na wakapewa insulini ilipohitajika, madhara makubwa kwa watoto yalishuka kutoka 4 katika kila 100 hadi 1. Na Ramadhani, mama mwenye hali hii asijiamulie. Akiambiwa na daktari asifunge, ruhusa ipo tangu zamani na hapana cha kuonea haya.

Mama wa mtoto yule sasa ni mjamzito tena. Safari hii mumewe humpeleka kliniki, na jioni hutembea pamoja hadi ufukweni na kurudi. Bibi, yule wa kigelegele, humpikia chai ya tangawizi isiyo na sukari, na kila siku humwuliza kama kweli inanyweka.