Halloween hii, tulioenda pamoja turudi pamoja

Najua nimepotea, mitihani ya katikati ya muhula ilinikaba koo. Leo nimeiba nusu saa maana huku bwenini kumeshachangamka. Korido nzima ina utando wa buibui wa plastiki, mlango wa bafu umetundikwa fuvu, na jana jirani kaniuliza kwenye ngazi nitavaa nini tarehe 31. Nikamwambia nitajifanya mwanafunzi aliyemaliza kazi zake zote. Kacheka mpaka kakaa chini.

Kwa wale mliotua Marekani Agosti hii: Halloween ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, ile ya tarehe 1 Novemba. Watoto wanajivika sura za mazimwi na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba pipi. Sisi wa chuo tunapita pati kwa pati. Maboga nayo wanayachonga macho na meno, wanaweka mshumaa ndani, halafu siku chache baadaye yanaenda jalalani. Bibi yangu angeona angelia.

Nyumbani wakisikia, simu hazikatiki: "Mwanangu, usiende kwenye mambo ya kishetani huko." Mimi naenda, sifichi. Ila nina la kusema, na linanihusu mimi kwanza. Zimwi la kuogopa usiku ule si lile la meno ya plastiki. Ni ile hofu yetu ya kupiga simu.

Mwaka jana tulitoka sita, wote wa Afrika Mashariki. Tulikuwa na dogo mmoja wa mwaka wa kwanza, ana miaka 19, kachorwa ndevu za simba usoni. Kwenye ile nyumba kulikuwa na ndoo kubwa ya juisi nyekundu, tamu kama sharubati, kila mtu anachota. Dogo kachota, kachota tena. Saa sita usiku tukambeba mpaka chumbani, tukamlaza kwenye kochi. Akaanza kukoroma.

Basi bwana, ubishi ukaanza. Tumwache alale au tupige 911? Sheria ya hapa ni miaka 21 ndipo unywe, na dogo hajafika. Mmoja akasema ukipiga simu wanakuja na polisi, viza inakwenda, mzee wake aliuza shamba kumleta huku. Huyo mmoja ni mimi. Nikamalizia kwa busara zangu: "Pombe si ugonjwa, atalala itaisha."

Dada mmoja anayesomea unesi hakubishana na mtu. Kamgusa dogo miguu, ya baridi. Kamwita, kamfinya, hakuna kitu. Kaweka mkono kifuani, akahesabu pumzi akiangalia saa. Kisha akasema, "Nyie endeleeni na kikao, mimi napiga."

Dogo alirudi kesho yake mchana, kavaa utepe wa hospitali mkononi na ndevu za simba bado ziko usoni. Hakufukuzwa nchini. Bili ya ambulensi ilikuja, tena ndefu, tukachangishana, wengine tukaongeza zamu za kubeba boksi. Bili inalipika, jamani. Lakini ningempigia vipi simu mzee wake kumwambia tulimwacha alale?

Tangu siku hiyo nimeuliza na kusoma, na haya ndiyo ningependa kuyajua kabla. Pombe ikishaingia tumboni inaendelea kupanda kwenye damu hata kama mtu ameacha kunywa. Kwa hiyo aliyelala anaweza kuwa anazidi kuzama. Kahawa haimtoi, maji ya baridi hayamtoi. Mtu asiyeamka ukimwita na kumfinya, anayetapika akiwa usingizini, anayepumua chini ya mara 8 kwa dakika au anayekaa sekunde 10 bila pumzi, huyo ni wa 911 sasa hivi. Sisi weusi msisubiri ngozi ibadilike rangi, angalieni midomo, fizi na kucha. Mlaze ubavu, na usimwache peke yake hata dakika moja.

Na ile hofu ya viza? Majimbo mengi na vyuo vingi vina utaratibu wa kumlinda anayeomba msaada asishtakiwe kwa kosa la kunywa kabla ya umri, mradi abaki na mgonjwa na atoe ushirikiano. Masharti yanatofautiana, kwa hiyo uliza ya kwenu wiki hii, si usiku wa manane. Kichekesho ni kwamba tunaogopa simu, lakini mtu akishakunywa anachukua ufunguo wa gari bila woga. Wakati kukamatwa ukiendesha umelewa ndiko kunakoweza kufanya viza yako ifutwe, hata kabla mahakama haijasema neno. Achilia mbali watoto waliojaa barabarani jioni ile na nguo zao nyeusi.

Vikombe navyo. Bia moja ya mililita 355, divai mililita 150 hivi, na pombe kali mililita 44, zote zina kilevi kilekile, kama gramu 14. Kile kikombe chekundu cha pati kinabeba karibu nusu lita. Ukichota kwenye ndoo hujui umekunywa moja au nne. Kama unakunywa, kunywa unachofungua mwenyewe. Kama hunywi, soda haijawahi kumfukuza mtu kwenye pati.

La mwisho, anwani. Mwaka 1992 huko Baton Rouge, Louisiana, mwanafunzi wa Kijapani wa miaka 16, Yoshihiro Hattori, alikwenda pati ya Halloween akagonga nyumba isiyo yenyewe. Mwenye nyumba akatoka na bastola, akamwamuru asimame kwa neno ambalo shuleni kwetu tulifundishwa kuwa ni maji kuganda. Kijana akaendelea kumsogelea, akapigwa risasi akafa. Mwaka uliofuata baraza la mahakama likamwona mwenye nyumba hana hatia. Kila nikisoma habari ile naona ingeweza kuwa mimi, mgeni, usiku, nimevaa kinyago. Hakikisheni namba ya nyumba kabla hamjashuka kwenye gari. Pigeni simu mwenyeji atoke nje. Na vinyago vivuliwe mkifika mlangoni kwa mtu.

Sisemi mjifungie ndani. Vaeni, chezeni, pigeni picha. Ninachosema ni kwamba huku hatuna mama mdogo wala mjomba wa kuja kugonga mlango saa saba usiku. Ndugu wa karibu ni yule mliyetoka naye. Kabla hamjaondoka hesabuneni, na mmoja wenu asinywe kabisa. Mwaka huu asiyekunywa ni mimi, nina deni. Mkirudi hesabuneni tena. Namba ikipungua, pati haijaisha.

Haya, nirudi kwenye kitabu. Tarehe 31 mtaniona, nimevaa koti jeupe la daktari. Dogo ndiye kanichagulia, anasema nijifunze.