KITI CHA RAIS KIKIWA WAZI, NANI AKIKALIE?

Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Msomaji mpenzi, Katiba yetu ina ufa mmoja ambao ningependa tuutazame pamoja.

Mzee Jomo Kenyatta alipofariki mjini Mombasa tarehe 22 Agosti, 1978, Makamu wake, Daniel arap Moi, aliapishwa siku iyo hiyo. Hata hivyo, sheria ya wakati ule ilimpa siku 90 tu za kukishikilia kiti, kisha uchaguzi. Kweli, hakujitokeza mpinzani, na mwezi wa Oktoba akawa Rais kamili. Lakini angalau sheria ilitaka mwananchi aulizwe.

Katiba ya mwaka wa 2010 iliubadilisha mpango huo. Kifungu cha 146 chasema kwamba Rais akifa, akijiuzulu au akiondolewa, Naibu wake anakuwa Rais mpaka muhula uishe. Kura hakuna! Ni pale tu Naibu naye anapokosekana ndipo Spika wa Bunge la Taifa hushika usukani, na uchaguzi ukafanywa kabla ya siku 60 kwisha.

Wapo wanaoutetea mpango huu. Wao husema ati mgombea mwenza huchaguliwa pamoja na Rais, basi mrithi ni chaguo letu. Hapo nakubaliana nao kabisa.

Je, Naibu akibadilishwa katikati ya muhula? Oktoba 2024 Seneti ilimwondoa Rigathi Gachagua. Rais alimpendekeza Kithure Kindiki, Bunge la Taifa likamwidhinisha, naye akaapishwa tarehe 1 Novemba. Sisemi kwamba hafai, la hasha! Nasema Naibu wa namna hii, awe nani awaye, hakupigiwa kura na wananchi kwa cheo hicho. Hata hivyo, kiti kikiwa wazi anaweza kutawala miaka mitatu au minne. Huo ndio ufa wenyewe.

Kwa maoni yangu, Naibu aliyeteuliwa ashikilie siku 60 kama Spika, kisha turudi debeni. Mtaniambia uchaguzi ni ghali. Ndiyo, ni ghali, lakini Rais asiyechaguliwa na watu je, si ghali zaidi?

Wengi wetu hapa shuleni hatujapata vitambulisho. Siku si nyingi tutapiga kura. Tukifika debeni, tusimtazame Rais peke yake. Tumpime na mwenzake. Nawe mwanachama mwenzangu, waonaje?