Kijana Aliyeambiwa Kuwa ni Mkubwa Mno



Mwezi Aprili mwaka 2018, timu za ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa kwa mpira wenye umbo la yai na kofia ngumu vichwani, zilikutana kuchagua wachezaji wapya kwa zamu kama zifanyavyo kila mwaka. Walichaguliwa vijana 256. Timu ya Philadelphia ilipofikiwa na zamu ya 233, ikamtaja Jordan Mailata wa Sydney, Australia, mtoto wa wazazi wenye asili ya Samoa, ambaye katika umri wake wote hakuwa amecheza hata mechi moja ya mchezo huo.

Mailata alikuwa mchezaji wa raga. Ana urefu wa zaidi ya mita 2, na uzito wake wakati ule ulikuwa zaidi ya kilo 150. Katika raga ya kwao, ambayo mchezaji hukimbia karibu bila kupumzika, mwili huo ulionekana kuwa mzigo. Wakubwa wa mchezo wakamwona ni mkubwa mno. Kabla ya hapo alikuwa ameshapata mtihani mwingine: akiwa bado kijana mdogo alizimia mazoezini, ikabidi afanyiwe upasuaji wa moyo. Mzazi yeyote anayesoma hapa anaweza kukisia jinsi nyumba ile ilivyokuwa siku zile.

Huenda msomaji akauliza, ukurasa wa familia za Kiislamu una shughuli gani na mchezo wa Wamarekani? Shughuli ipo. Ligi hiyo imekwisha kufika kwetu. Mwaka 2022 iliitisha kambi ya kutafuta vipaji nchini Ghana, na mwaka 2023 ikaja Nairobi. Wanaotafutwa ni vijana warefu, wazito na wepesi wa mbio, na aghalabu hawajaujua mchezo wenyewe. Hutolewa katika raga, mpira wa kikapu na riadha. Vijana wa namna hiyo wamo majumbani mwetu, na baba wa Mombasa au Tanga anaweza siku moja kugongewa mlango na mtu mwenye karatasi za kutiwa saini. Ni bora awe amekwisha kulifikiri jambo hilo.

Njia aliyopita Mailata ni mpango ulioanzishwa na ligi hiyo mwaka 2017 kwa ajili ya wanamichezo wa nje ya Marekani. Kijana wa Kimarekani huujua mchezo tangu sekondari, kisha huucheza chuo kikuu kwa miaka kadhaa. Mgeni hupelekwa Florida, akafundishwa kwa wiki chache tu yale ambayo mwenziwe aliyanyonya tangu utotoni, halafu akasimamishwa mbele ya makocha wamtazame. Akipendwa, mara nyingi huanzia katika kikosi cha mazoezi: hulipwa, hufunzwa, lakini siku ya mechi hubaki pembeni.

Hapo ndipo kisa cha Mailata kinapokuwa na manufaa kwetu. Msimu wa 2018 hakucheza mechi hata moja. Msimu wa 2019 hali ikawa ile ile, maana mgongo ulimsumbua. Miaka miwili ya kuamka alfajiri katika nchi ya watu, akijifunza namna ya kuweka mguu na namna ya kunyoosha mkono, bila ya mtu kumpigia makofi. Mwalimu wake alikuwa Jeff Stoutland, kocha wa safu ya walinzi wa timu ile. Mwaka 2020 ndipo Mailata alipoingia uwanjani, na akawa mlinzi wa kushoto, yaani yule anayemkinga mtupaji mpira upande ambao mtupaji mwenyewe hauoni. Mwaka 2021 akatia saini mkataba wa miaka 4 wa dola milioni 64. Mwezi Februari 2025 timu yake ikatwaa ubingwa kwa kuishinda Kansas City 40 kwa 22.

Fedha hizo ndizo zitakazosimuliwa mabarazani. Mimi limenigusa jambo jingine. Katika matangazo ya televisheni kabla ya mechi, kila mchezaji hutaja jina lake na chuo kikuu alichosoma. Mailata hana chuo cha kutaja. Basi yeye hutaja jina lake, kisha husema kuwa amesoma Chuo Kikuu cha Jeff Stoutland. Watu hucheka, lakini sisi tuliolelewa kwa ustadhi, tukafunzwa kuitaja elimu pamoja na aliyeitoa, tunaielewa adabu iliyomo katika mzaha huo.

Lakini si kila aliyeitwa alifika huko. Mkenya Daniel Adongo, naye mchezaji wa raga, alichukuliwa na timu ya Indianapolis mwaka 2013, hata kabla ya mpango huu kuwapo, akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi hiyo. Alicheza mechi chache, na mwaka 2015 timu ikaachana naye. Alikuwa na mwili na mbio, na ujasiri wa kuanza upya ugenini hakuukosa. Ligi ile haina subira na wengi, na mkataba mkubwa unaotangazwa magazetini mara nyingi haulipwi wote iwapo timu itamwacha mchezaji njiani.

Lipo pia swali ambalo mama wa Kiislamu ataliuliza kabla ya yote: je, swala na funga zitakuwaje huko? Jibu tunalipata kwa Husain Abdullah, Mwislamu Mmarekani. Mwaka 2010, akiwa na timu ya Minnesota, Ramadhani iliangukia mwezi Agosti, wakati wa kambi ya mazoezi makali. Akafunga. Mwaka 2012 yeye na ndugu yake Hamza, naye mchezaji, waliuacha msimu mzima wakaenda kuhiji. Husain alirudi mwaka uliofuata na timu ya Kansas City. Nduguye hakurudi tena uwanjani. Tarehe 29 Septemba 2014 Husain alinasa mpira wa adui, akakimbia nao hadi mwisho wa uwanja, akasujudu. Mwamuzi akaiadhibu timu yake yadi 15. Kesho yake ligi ikatamka kuwa adhabu ile haikustahili. Basi dini inawezekana kushikwa huko, kwa kijana aliyekwenda nayo kutoka nyumbani.

Husain huyo huyo alistaafu mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 30, kwa sababu ya mitikisiko ya ubongo iliyomrudia mara tano. Madaktari wameyaona madhara ya ubongo kwa wachezaji wengi wa mchezo huu waliofariki, na ligi imelipa fidia kubwa kwa wastaafu. Mwili ni amana, na kichwa ni sehemu ya amana hiyo.

Kwa hiyo mtu wa karatasi akija, mzazi amkaribishe kwa heshima, kisha amuulize: kijana ataendelea na masomo yake? Akiachwa baada ya miezi sita, nani atamrudisha nyumbani? Ataishi na nani, na msikiti uko umbali gani? Wakala atachukua kiasi gani katika ujira wake? Akiumia kichwa, nani atagharamia matibabu baada ya mkataba kwisha? Majibu yaandikwe, mwanasheria wa familia ayasome, na kijana apelekwe kwa daktari apimwe moyo kabla ya kutafuta paspoti.