Rudisheni breki ya mbele kwenye bodaboda

Katika vijiwe vingi vya bodaboda kuna somo ambalo dereva mgeni hupewa kabla hata hajazoea gia: usiguse breki ya mbele, itakurusha. Matokeo ya somo hilo yanaonekana kwa macho. Shika mkono wa breki ulio upande wa kulia wa usukani wa pikipiki iliyoegeshwa, uubane, na si ajabu ufike hadi kwenye mshikio bila gurudumu kushikwa. Waya umelegezwa makusudi, au ulikatika na hakuna aliyeona haja ya kununua mwingine. Pikipiki hiyo inabeba abiria kutwa nzima kwa breki moja, tena ile iliyo dhaifu. Tumezungumza sana kuhusu kofia ngumu, mishikaki na mwendokasi, na ni sawa tuzungumze. Lakini kifaa chenye uwezo mkubwa zaidi wa kuzuia ajali kimefungwa mbele ya dereva, na tumemfundisha akiogope.

Pikipiki inapofunga breki, uzito unasogea mbele. Shokapu za mbele zinadidimia, tairi la mbele linakandamizwa barabarani, la nyuma linakuwa jepesi. Tairi hushika kwa kadiri linavyokandamizwa, kwa hiyo gurudumu la nyuma hupungukiwa na nguvu wakati uleule dereva anapolihitaji zaidi. Hesabu yake si ngumu. Chukua pikipiki ya kawaida ya biashara, yenye mita 1.3 hivi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na kitovu cha uzito wake pamoja na dereva kikiwa sentimita 65 kutoka chini, uzito ukiegemea nyuma kidogo. Kwenye lami kavu ya wastani, ikiwa inakwenda kilomita 50 kwa saa, breki ya nyuma peke yake ikikanyagwa hadi karibu na kuserereka itaisimamisha ndani ya mita 34 hivi. Breki zote mbili zikishika vizuri, bila hata kufika kikomo cha tairi, mita 17 zinatosha. Tofauti hiyo inazidi urefu wa Coaster mbili zilizofuatana. Na pale ambapo ya breki mbili imeshasimama, ile ya breki moja bado inakimbia zaidi ya kilomita 35 kwa saa. Kwa mtoto aliyekatiza barabara, huko ni kuponea chupuchupu kwa upande mmoja na kugongwa kwa upande mwingine.

Haya hayakuanza kujulikana leo. Mwaka 1981 Profesa Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, alitoa ripoti ya uchunguzi wa ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles. Timu yake iliona jambo lililojirudia: madereva wengi, walipokabiliwa na hatari, walikandamiza breki ya nyuma hadi gurudumu likaserereka, na ile ya mbele wakaitumia kidogo mno. Wamarekani hao hawakupitia kijiwe chochote cha kwetu. Hofu ya breki ya mbele, basi, ni ya kibinadamu, na dawa yake katika nchi nyingine imekuwa kutunga sheria. Ulaya ilianza mwaka 2016 kudai ABS, mfumo unaozuia magurudumu kufungwa wakati wa breki, kwenye modeli mpya za pikipiki kubwa kuliko cc 125. India, zinakotoka Boxer na TVS tunazopanda, tangu Aprili 2019 haiuzi pikipiki mpya ya zaidi ya cc 125 bila ABS, na zisizozidi hapo zilitakiwa kuwa na ABS au walau mfumo unaounganisha breki, ambao hata dereva akikanyaga ya nyuma tu, ya mbele nayo inashika. Wahindi walishajua kwamba dereva hataigusa, wakaamua iguswe kwa niaba yake.

Dereva mzoefu atasema: hesabu zako nzuri, lakini mimi nimeona watu wakirushwa. Sibishi kwamba watu wameanguka. Nabishia maelezo ya kilichowaangusha. Kwa vipimo nilivyotaja, kwenye barabara tambarare tairi la kawaida litateleza kabla ya pikipiki kupinduka kupitia mbele, na abiria akiwa amekaa nyuma kupinduka kunazidi kuwa kugumu. Kinachomlaza mtu chini ni gurudumu la mbele kufungwa ghafla likateleza, na hapo ndipo tunapotakiwa kuingia ndani ya ngoma ya breki, kwa sababu nyingi kati ya pikipiki hizi zina ngoma mbele na siyo diski. Ndani ya ngoma kuna shuu mbili zinazosukumwa nje na kemu ndogo, na kemu huzungushwa na kiwiko cha chuma kinachovutwa na waya. Shuu zikilika, kiwiko kinalazimika kwenda mbali zaidi kabla breki haijashika. Dawa ni kubadilisha shuu. Mafundi wengine huchomoa kiwiko na kukirudisha jino moja nyuma, mkono wa breki unakuwa mgumu tena, mteja anaondoka ameridhika. Kumbe kemu sasa imezunguka kupita kiasi. Breki inakuwa haina kati: haishiki, haishiki, halafu inashika yote kwa mkupuo, na kemu ikizidi kugeuka inaweza kukwama hapohapo hata mkono ukiachiwa. Dereva akianguka kwa breki ya namna hiyo, kijiwe kizima kinapata ushahidi wa somo lake.

Ngoma iliyotengenezwa inavyotakiwa ina tabia nyingine kabisa. Shuu mpya zisifungwe tu na kuachwa. Zisuguliwe kidogo zilingane na mviringo wa ngoma, maana shuu inayogusa kwa ncha tu ndiyo inayopiga kelele na kung'ata. Ekseli ikazwe huku mkono wa breki umebanwa, ili shuu zijipange katikati. Kiwiko na waya vikaribie pembe ya mraba breki inaposhika, kwani hapo ndipo nguvu ya vidole inapofika yote. Waya upakwe mafuta ndani ya ganda lake, kemu ipate grisi kidogo, na kidogo kweli, kwa sababu grisi ikifika kwenye shuu kazi yote imeharibika. Kazi hii fundi makini anaimaliza kabla chai ya mteja haijapoa. Ikishafanyika, dereva anaweza kubana kwa vidole viwili, taratibu kwanza kisha kwa nguvu uzito unapohamia mbele, na kuhisi tairi linavyojibu.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la barabara zenyewe. Bodaboda nyingi hazikai kwenye lami. Zinapita vumbi, kokoto, matope ya masika. Huko, wanasema, breki ya mbele ni kujitafutia kifo. Upo mchezo wa pikipiki unaojibu hoja hii, na hauna mashabiki wengi kwetu. Unaitwa trayali. Mshindani hapimwi kwa mbio. Anapita juu ya miamba, mizizi na mikondo ya maji, na kila mguu unapogusa chini anapewa adhabu. Mashindano yake maarufu, Scottish Six Days Trial, hufanyika Uskoti kila Mei, maeneo ya Fort William, kwenye mawe yenye utelezi. Mwaka 1965 Sammy Miller aliyashinda kwa Bultaco Sherpa, pikipiki iliyokuwa na ngoma mbele na nyuma, kama zetu. Wanaoendesha mchezo huu hawaachii breki ya mbele. Kidole kimoja hukaa juu yake muda wote, wakishuka majabali ambayo breki ya nyuma peke yake isingewazuia, na wenye pikipiki za zamani za ngoma ndio mabingwa wa kuhangaika na pembe ya kiwiko na mviringo wa shuu. Ni kweli wana tairi laini lenye upepo mdogo mno, hawana abiria wala gunia la mkaa. Na ni kweli kwenye kona ya kokoto, usukani ukiwa umekatwa, breki ya mbele yafaa iachwe. Lakini mtu akiweza kuitumia kwenye jiwe lenye ukoga, hatuwezi kusema barabara ya vumbi iliyonyooka haiiruhusu. Inahitaji kubana kidogo na mapema. Baada ya kuvuka dimbwi inahitaji pia kubanwa kidogo pikipiki ikitembea, ngoma ikauke.

Wapo watakaosema tusubiri diski, au ABS. Diski ni bora, hasa penye maji, lakini nayo ina mafuta yake ya kubadilishwa na pedi zinazolika, na anayeshindwa kutunza waya hatatunza hizo. Pikipiki za ngoma zilizopo barabarani leo zitaendelea kubeba watu kwa miaka kadhaa. Swali gumu zaidi ni nani alipe. Madereva wengi wako kwenye mkataba. Tajiri anangoja hesabu ya siku, na matengenezo yanaachwa kwa dereva ambaye jioni anachagua kati ya shuu na unga. Mikataba hiyo itaje breki kwa jina, kwamba shuu na waya wa mbele ni gharama ya mwenye pikipiki, kwa sababu pikipiki iliyogongwa ni hasara yake pia.

Kwa askari wa usalama barabarani ukaguzi wake hauhitaji mashine. Dereva ashuke, abane mkono wa breki ya mbele, pikipiki isukumwe. Ikiendelea kwenda, irudi gereji kabla ya kubeba mtu mwingine. Leseni na kofia vinakaguliwa kila kona, na kipimo hiki kinaingia palepale bila kumpotezea mtu muda. Vilevile kwenye mtihani wa udereva, kuzungusha namba nane kati ya vigingi kubaki, lakini mtahiniwa asipewe cheti mpaka asimame kutoka kilomita 40 kwa saa ndani ya mstari uliochorwa, umbali ambao breki ya nyuma peke yake haitoshi kusimamisha pikipiki.