Sabuni ya Mwani na Soko la Simuni

Siku hizi husemwa sana juu ya kuuza bidhaa kwa njia ya mitandao, na wengi hudhani kwamba kazi yenyewe ni kupata wafuasi wengi tu. Mimi naona sivyo. Mfanya biashara mdogo anayehangaikia idadi ya wafuasi ni kama mtu anayehesabu wapita njia mbele ya duka lake, akasahau kuwauliza wanataka nini.

Nitatoa mfano wa kwetu Unguja. Ukulima wa mwani wa biashara ulianza huku mnamo mwaka 1989, pwani ya mashariki, pande za Paje na Jambiani, na wakulima wengi ni wanawake. Mwani mkavu huuzwa kwa kilo, na bei huipanga mnunuzi. Tena bahari imezidi joto, na ule mwani wenye bei nzuri, uitwao kotonii, hufa upesi. Kwa hiyo vikundi vingine vya akina mama vimeanza kuusaga mwani na kuutia katika sabuni. Bei ya sabuni huipanga mwenye kuitengeneza, na hapo ndipo jina lina thamani, kwa maana gunia la mwani halina jina.

Likizo iliyopita nilizipitia kurasa nyingi za wauza sabuni katika Instagram. Picha ni nzuri kweli. Lakini uzito wa kipande haukuandikwa, kijiji hakikutajwa, na mahali pa bei pameandikwa: "Bei njoo inboksi." Desturi hii naichukia. Watetezi wake husema ukiitangaza bei, jirani atapunguza shilingi mia akunyang'anye wateja. Labda. Lakini jirani huyo aweza kuuliza faragha kama mtu mwingine yeyote; anayefichwa kweli ni mnunuzi. Naye mnunuzi wa Dar es Salaam, ambaye hana budi kuongeza gharama ya boti juu ya bei ya sabuni, akikosa hesabu kamili huondoka kimya kimya. Wengine hushuku kwamba muuzaji ataka kwanza kujua kama mteja ni tajiri au maskini, ndipo ataje bei.

Wafanya biashara wa zamani walilielewa jambo la jina. Kaderdina Hajee Essak alianza biashara Mombasa mwaka 1887, na kanga zake zikatiwa chapa ya "Mali ya Abdulla". Hata asiyejua duka lake liko wapi aliisoma chapa hiyo ukingoni mwa nguo. Leo utamwona muuzaji ana jina la Kiingereza, kesho ana la binti yake, na mteja wa jana hamwoni tena.

Ipo WhatsApp ya biashara, iliyotoka mwaka 2018, ambayo haina malipo na ina mahali pa kupanga bidhaa pamoja na bei zake. Yatosha sana kwa kuanzia. Najua wapo wazazi wasiopenda sura za wake na binti zao kusambazwa katika simu, nami naona wana haki. Wala sura haihitajiki. Picha ya mikono ikikata sabuni, au ya vigingi na kamba za mwani maji yakipwa, humwambia mnunuzi zaidi ya maua ya kuazima. Lakini isiandikwe kabisa kwamba sabuni yaponya kila ugonjwa wa ngozi. Asiyepona atasema mbele ya watu wote, na maneno yake yatabaki yakisomwa.

Tena simu isiwe duka la pekee. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp, zote mali ya kampuni moja, zilikatika dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi. Mwenye namba za wateja katika daftari aliweza kuwapigia.

Sisi wa dahalia haturuhusiwi simu, na sina ugomvi na sheria hiyo. Ila likizo twarudi vijijini kwenye vikundi hivi hivi. Nashangaa kumwona mwanafunzi anayeweza kukokotoa faida ghafi ubaoni, lakini nyumbani kazi yake na simu ni kutazama mpira, huku mama yake akimlipa kijana wa mjini amnunulie wafuasi wa uongo. Wafuasi hao hawaogi.

Nawaomba walimu wetu wa Biashara wafikirie kutoa kazi ya likizo ya Desemba. Kila mwanafunzi achague bidhaa moja ya kijijini kwao, aandike kwa Kiswahili safi uzito wake, bei yake, mahali inapopatikana na gharama ya kuifikisha Dar es Salaam, kisha aonyeshe hesabu shule ikifunguliwa. Sisi wa Kidato cha Nne tutakuwa tumekwisha ondoka, lakini wenzetu wa Kidato cha Pili na cha Tatu waweza kuianza mwaka huu huu, kwa kalamu na karatasi.