Tuzo mpeni Mwajuma, msilipe wigi!

Wiki hii nimeamua kujitosa mwenyewe kwenye kasheshe ambayo hapa Mji Mkongwe haina msimu. Tamasha la ZIFF likikaribia watu hubishana, likishapita hubishana tena, na suala ni lile lile: mwanadada gani wa sinema zetu anastahili tuzo? Mmoja atamtaja Wema, wa pili Lulu, wa tatu Monalisa, na kahawa haijapoa watu washanuniana!

Mie nina wangu. Lakini kwanza tuwekane sawa, maana wengi wetu tunabishana kwa mambo ya kusikia.

Tuanze na Lulu, yaani Elizabeth Michael. Machi 2016 alipanda jukwaani kule Lagos kwenye tuzo za AMVCA, nchi nzima ikapiga vigelegele. Mpaka leo utamsikia mtu anaapa eti Lulu alichaguliwa mwigizaji bora wa kike. Hapana bwana! Ile ilikuwa tuzo ya sinema bora ya Afrika Mashariki, kwa "Mapenzi ya Mungu". Ni heshima kubwa, hongera yake, lakini tuzo ya picha ni ya picha. Hata pale Ngome Kongwe, ambako ZIFF ilianza mwaka 1998, ile kubwa yao ya Jahazi la Dhahabu hupewa sinema. Wema Sepetu, Miss Tanzania wa 2006, yeye ndiye aliyebeba ya mwigizaji bora wa kike kwenye tuzo za Sinema Zetu mwaka 2018, kwa picha ya "Heaven Sent". Hiyo ni yake, hakuna wa kumnyang'anya.

Sasa kulikoni ugomvi? Ugomvi ni kwamba sisi hatumpigii kura mwigizaji, tunampigia kura mtu. Ana gari gani, kaachana na nani, wigi lake kalileta kutoka wapi. Muulize shabiki akutajie kipande kimoja tu ambacho mwanadada wake aliigiza kikamtoa machozi, utaona anaanza kukuna kichwa. "Mwenyewe mzuri, yakhe!" Khaa! Kwani tunachagua mwari wa kuoa?

Juzi pale Jaws Corner mzee mmoja alitusikiliza weee, akashindwa kuvumilia. "Wanangu, nyinyi mwigizaji hamjamuona," akasema. "Sie tulimuona Nargis." Tukacheka, maana wazee wetu ukiwagusa kwenye picha za Kihindi wanarudi ujana pale pale, enzi za Majestic ya Vuga imejaa mpaka nje. Lakini alipoeleza, tukanyamaza. Nargis alizaliwa mwaka 1929, na "Mother India" ikatoka mwaka 1957. Mtoto wa kike hajafika hata miaka 30, anaigiza kuanzia bibi harusi mpaka kikongwe mwenye mvi, anavuta jembe shambani, na mwisho anampiga risasi mwanawe wa kumzaa. Tena kijana aliyeigiza mwanawe, Sunil Dutt, mwaka uliofuata ndiye aliyemuoa! Picha ikaingia kwenye tano za mwisho za Oscar ya sinema za kigeni, na Nargis akachukua Filmfare ya mwigizaji bora. "Sasa mimi Kihindi sikijui," mzee akamalizia, "na nililia."

Pale pale nikapata mizani yangu. Iko mitatu, na ni bure, chukueni.

Wa kwanza: zima sauti. Mwigizaji wa kweli utamwelewa uso wake, mabega yake, hata anavyokaa. Mkali wangu hapa ni Profesa Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndani ya "Maangamizi", picha ya kwanza Tanzania kuipeleka kugombea Oscar, mwaka 2001. Ameigiza mgonjwa anayeitwa Samehe, mwanamke aliyenyamaza kwa miaka. Mtu hasemi, na wewe humbandui macho!

Wa pili: ukitoka ukumbini, unataja jina la nani? Ukisema "umemuona Fulani alivyopendeza?", huyo kashindwa. Ukisema "masikini Aisha!", huyo kafaulu. Ndiyo maana siwezi kumsahau Godliver Gordian kwenye "Aisha", picha ya mwaka 2015 iliyotengenezwa Pangani na shirika la Uzikwasa. Ni habari za mwanamke aliyebakwa, halafu jamaa zake ndio wanaomtaka anyamaze. Humuoni nyota pale, unamuona dada yako.

Wa tatu, huu ni wetu watu wa visiwani: ulimi. Mara ngapi tumeona picha "imetokea Unguja" halafu mwanadada akifungua kinywa unasikia Kinondoni tupu? Buibui la kuazima, na lafudhi hakuazima!

Basi, nikipima kwa mizani hiyo mitatu, kura yangu naipeleka kwenye "Vuta N'Kuvute" ya Amil Shivji, iliyotolewa kwenye riwaya ya Adam Shafi. Ilionyeshwa Toronto mwaka 2021, na mwaka 2022 Tanzania ikaipeleka kugombea Oscar. Haikuingia kwenye tano za mwisho, lakini ilifika mezani. Wengi wakiizungumza humtaja Yasmin, binti wa Kihindi anayekimbia ndoa asiyoitaka, aliyeigizwa na Ikhlas Gafur Vora. Yule binti kaifanya kazi, sina ubishi. Ila mimi tuzo nampa Siti Amina, aliyeigiza Mwajuma.

Najua mshaanza. "Mwajuma si stelingi! Mwajuma ni shoga wa stelingi tu!" Subirini kwanza. Yasmin aliyekimbia kwake, na kwao hapakaliki, atalala wapi? Anakwenda Ng'ambo kwa Mwajuma. Mwajuma asipofungua mlango, hadithi inaishia barabarani. Na Siti Amina, ambaye wengi tunamjua kwa taarabu na Siti and the Band, hakuja pale kuimba akajisahau kuigiza. Ukimsikiliza unasikia mtaa wako, na ukimtazama kicheko chake unajua huyu dunia imeshampiga na yeye kaamua kucheka.

Halafu nani kawaambia tuzo ni za stelingi peke yake? Lupita Nyong'o, fahari ya Afrika Mashariki yote, Oscar yake ya mwaka 2014 ilikuwa ya mwigizaji msaidizi, kwa kuigiza Patsey ndani ya "12 Years a Slave". Judi Dench wa Uingereza alichukua ya namna hiyo hiyo mwaka 1999 kwenye "Shakespeare in Love", na mle alionekana dakika kama nane tu. Dakika nane jamani! Sisi kuna watu wana saa mbili na hukumbuki walisema nini.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo utani unapoisha. Kuna binti mmoja mtaani kwetu anaigiza vizuri mpaka unasisimka. Anafanyia mazoezi chumbani mlango umefungwa, kwa sababu mama yake kashasema: sinema ni uhuni. Na mama wa watu namlaumu vipi? Anachokiona yeye kikitunzwa ni magauni na skendo. Kila tuzo tunayoipeleka kwa wigi inampa mama yule haki.

Hapa kwetu mwanamke akisimama mbele za watu husemwa kwanza, sifa huja baadaye. Siti binti Saad alisemwa weee, naye mwaka 1928 akapanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri, na leo sote tunajidai naye. Yule binti hana meli ya kupanda. Anachohitaji ni kitu cha kumuonyesha mama yake: "Tazama mama, huyu ni mtu wa hapa hapa, kavaa heshima yake, kafanya kazi, na kapewa tuzo kwa ile kazi."

Kwa hiyo ombi langu kwa majaji wa tamasha lolote, liwe Ngome Kongwe au Dar: mkimtaja mshindi, mtajeni na kipande. Semeni mbele za watu, huyu kashinda kwa pale alipofanya hivi na hivi. Dakika moja tu. Mashabiki watanuna, lakini yule binti atajua la kufanyia mazoezi.

Na wewe msomaji, kama una mwanadada wako, mlete. Taja picha, taja kipande. Ukiniambia "mwenyewe mzuri", hiyo kura naitupa baharini hapo Forodhani, ikaliwe na samaki. Tukutane wiki ijayo, inshallah!